Protini za vitundu vya kiini si mabawabu tu

Makala yako kuhusu vitundu vya kiini cha seli, yaani matundu madogo kwenye utando unaozunguka kiini, imeeleza vizuri jinsi protini za vitundu hivyo zinavyochuja kinachoingia na kutoka, lakini imeziacha pale pale mlangoni kama mabawabu. Ziko takriban aina 30, na baadhi yake hazikai kwenye utando muda wote. Chukua Nup98: hubanduka, huzama ndani ya kiini na kushikamana na kromatini (DNA pamoja na protini zinazoifunga) mbali na kitundu chochote. Mwaka 2010, tafiti za nzi wa matunda zilionyesha kwamba hukaa kwenye jeni zinazofanya kazi, na ikipunguzwa, utendaji wa baadhi ya jeni hizo hufifia. Mwanabiolojia wa seli Günter Blobel alipopendekeza mwaka 1985 kwamba vitundu vinahusika na mpangilio wa jeni, aliwaza jeni zikisogea ukingoni mwa kiini, viliko vitundu. Kumbe protini nazo huzifuata jeni huko ziliko!

Wala si mambo ya maabara tu. Kipande cha jeni ya Nup98 kikiungana kimakosa na jeni nyingine, HOXA9, jeni ambazo zingepaswa kuzimwa hubaki zimewashwa, chembe changa za damu hazikomai, na lukemia (saratani ya damu) inaweza kuanza. Hilo lilistahili walau sentensi moja, ndugu mwandishi.