Mtindi Unabebeshwa Lawama za Maziwa

Wafugaji wengi wa mbwa wameambiwa kwamba mtoto wa mbwa asionje chochote kitokanacho na maziwa, mtindi ukiwemo. Katazo hilo lina msingi, ila limetia kapu moja vitu viwili visivyofanana.

Maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayoharisha hasa. Mtoto wa mbwa anayenyonya ana kimeng'enya cha kusaga laktosi, ile sukari ya maziwa, nacho hupungua kadiri anavyoachishwa ziwa, kati ya wiki ya 3 na ya 8. Wakati huohuo ndipo mwenye mbwa, kwa huruma, humwekea bakuli la maziwa ya ng'ombe yashike nafasi ya yale ya mama. Hayawezi. Maziwa ya mbwa yana mafuta kama asilimia 9 na protini inayokaribia 8. Ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4 na protini 3 na kitu. Lakini kwenye laktosi ng'ombe anaongoza: karibu 5, mbwa akiwa na 3 hivi. Yaani mtoto anapunguziwa cha kumjenga mwili na kuongezewa asichoweza kukisaga, tena kwenye umri ambao kuharisha siku moja tu kunaweza kumkausha maji. Laktosi iliyobaki huvuta maji utumbini, bakteria wakaichachusha, tumbo likajaa gesi.

Kwenye mtindi, sehemu ya laktosi hiyo imeshaliwa na bakteria wanaougandisha. Uchachu wake ndio ushahidi. Kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa na anayekula vizuri, nusu kijiko cha chai cha mtindi mtupu juu ya chakula chake ni mwanzo wa busara. Kinyesi kikibaki kigumu kesho yake, hakuna sababu ya kumnyima. Kikilegea, basi, si chakula chake. Uwe kionjo tu, usigeuke mlo.

Wanaokataza wana hoja mbili nzito. Mtindi wa dukani wenye ladha huwa na sukari nyingi, na ule ulioandikwa hauna sukari unaweza kuwa na zailitoli, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari. Kwa mbwa hii ni sumu: humwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu ikaporomoka, mara nyingi ndani ya saa moja, na ini laweza kuharibika. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito inatosha kumwangusha. Kwa mtoto wa kilo 2 ni gramu 0.2 tu. Kibandiko kisomwe chote. Hoja ya pili ni mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, kwa kuwa kuganda hakuhakikishi kwamba bakteria wa brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, wamekufa, na hapo hata watoto wa binadamu nyumbani wamo hatarini.

Ninapoachana kabisa na wapenzi wa mtindi ni pale wanapoufanya dawa ya kuharisha. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo, anayetapika na kuharisha damu, huenda ana parvo, ugonjwa hatari wa virusi wa mbwa, na kila saa ya kumlisha mtindi tukingoja nafuu ni saa ambayo angekuwa amewekewa dripu. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, bila kuonjeshwa kitu njiani.