Redio ya jamii na swali la mlipaji

Ukisoma sheria za redio za jamii za nchi mbalimbali, utaona kuwa karibu zote zinakubaliana katika jambo moja: kituo kiwe cha watu wa mahali fulani au wenye haja moja, na kisiendeshwe kwa ajili ya faida. Zinapoachana ni kwenye swali ambalo kwa mtu wa Kigoma huwa la kwanza, yaani nani alipe umeme, mafuta ya jenereta na fundi wa mnara.

Brazil ni miongoni mwa zilizo kali. Sheria yake namba 9.612 ya mwaka 1998 inaweka kikomo cha wati 25 kwa nguvu ya mtambo na kukataza matangazo ya biashara. Kinachoruhusiwa ni udhamini, nao utoke kwa wenye shughuli zao ndani ya eneo linalohudumiwa. India, ilipofungua mlango kwa asasi za kiraia mwaka 2006, iliruhusu wati 100 na dakika 5 za matangazo kwa saa, lakini ikazizuia redio hizo kutayarisha taarifa zao za habari, sharti ambalo kwangu ni zito kuliko lolote la fedha. Uingereza ilichagua njia ya kati: agizo lake la mwaka 2004 lilitaka mapato ya matangazo na udhamini yasizidi nusu ya mapato ya kituo, na lilipoanza kutumika lilikataza pia chanzo chochote kimoja kuchangia zaidi ya nusu.

Wanaotetea ukali wana hoja. Redio ikiachiwa soko la matangazo bila kizuizi, itaanza kumfuata mlipaji: kipindi cha wavuvi kitasogezwa usiku wa manane, saa za jioni zitauzwa kwa kampuni za kubashiri matokeo ya mpira, na neno "jamii" litabaki kwenye karatasi ya leseni tu. Redio za biashara nazo zitauliza, kwa haki, kwa nini zinashindana na mwenzao aliyepewa masharti nafuu.

Hata hivyo, tuihamishie sheria ya Brazil Kigoma. Wati 25 huenda zikatosha Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, lakini mvuvi wa Kalya, kusini kabisa mwa mwambao wa mkoa kwenye Ziwa Tanganyika, hangesikia neno. Muuza mawese wa sokoni angeruhusiwa kudhamini kipindi, ilhali mnunuzi wa dagaa aliyeko Dar es Salaam, ambaye ndiye mwenye fedha na mwenye haja ya kusikika Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, angekataliwa kwa sababu ya anwani yake.

Mlango wa matangazo ukifungwa hivyo, unaobaki wazi ni wa mfadhili. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, kambi ya Nyarugusu ikiwapo tangu 1996, na mashirika yanayokuja na miradi si haba. Mradi mmoja ukigharimia kituo chote, ratiba ya vipindi huandikwa na mradi: mwaka huu chanjo, mwaka ujao misitu. Mambo hayo ni mema, sibishi. Ila redio inayomtii mfadhili mmoja imepoteza kilekile ambacho sheria kali zinadai kukilinda, tena bila kuvunja kifungu hata kimoja, kwa kuwa sheria nyingi humkagua mtangaza biashara na kumpita mtoa ruzuku.

Ndiyo maana naona sharti lile la awali la Uingereza, la kuzuia chanzo kimoja kuzidi nusu, lingetufaa kuliko marufuku ya matangazo. Kasoro yake ni kwamba linahitaji hesabu zilizokaguliwa, na kituo kinachoendeshwa na watu wa kujitolea hakina mhasibu. Mwaka wa kwanza, tena, ni nadra kupata wachangiaji wawili wa maana. Uingereza yenyewe ililegeza mambo mwaka 2015 kwa kuruhusu pauni 15,000 za matangazo na udhamini zisihesabiwe kwenye kikomo. Kwa Tanzania, ambako leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) chini ya sheria ya mwaka 2010, kikomo cha namna hiyo kingeweza kuanza kubana baada ya mwaka wa tatu, na hesabu zikasomwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kupelekwa kwa mdhibiti.