Majina ya mbawakawa yana kazi shambani

Viwavijeshi vamizi waliripotiwa nchini Tanzania mwaka 2017, na tangu hapo kila wakiingia kwenye mahindi ya Kongwa au Chamwino hurudi hoja ileile: fedha za utafiti ziende kwenye dawa na mbegu, si kwa wataalamu wanaobishana mbawakawa mweusi aitwe nani. Hoja hiyo ina uzito. Mkulima hawezi kusubiri, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Tangu 2020 baadhi yao wanawatoa mbawakawa wenye macho makubwa wanaowinda juani katika Carabidae, familia ya mbawakawa wa ardhini, na kuwapa familia yao wenyewe, Cicindelidae. Wengine wamebaki na mpangilio wa zamani. Ubishi huo hauongezi hata debe moja la mtama.

Lakini kazi ya uainishaji si ubishi huo tu. Carabidae wana spishi takriban 40,000 zilizokwisha kupewa majina. Fukia kikombe usawa wa udongo kando ya shamba mvua zikishaanza, uwaangalie asubuhi: wengi ni weusi, miguu mirefu, wanafanana kama mapacha. Chakula chao hakifanani. Wapo wanaowinda viwavi usiku, wapo wanaokula mbegu za magugu, na wale wa jenasi Paussus huishi ndani ya viota vya sisimizi na kuwala humohumo. Kutenganisha spishi mbili mara nyingi ni mpaka upasue dume na kutazama uume wake kwenye darubini. Ni kazi ya polepole, na ndiyo inayoonwa anasa.

Kinachonisumbua zaidi ni mabawa. Anthia, wale wakubwa wa maeneo makame wanaorusha asidi inayochoma macho, hawaruki kabisa. Spishi nyingine huruka vizuri. Dawa inayoua kila mdudu ikipulizwa, wenye mabawa wanaweza kurudi kutoka porini msimu uleule. Asiyeruka hutegemea miguu, na kiwavi huanza upya bila adui huyo. Afisa ugani aliyeandika "mbawakawa wapo" hajui ni nani amebaki. Kwa hiyo hata anayetetea dawa anahitaji majina, la sivyo hawezi kupima dawa yake imeharibu nini.

Bajeti ya dawa ibaki. Sehemu ndogo yake imlipe kijana aliyesomea wadudu hapa Dodoma, apewe darubini, spiriti na makabati ya kuhifadhia sampuli, aanze na mashamba ya mtama: kabla ya kupuliza, na baada yake.