Simon de Montfort: baba wa Bunge, au shemeji mwenye madai?

Ikitajwa historia ya Bunge la Uingereza, ambalo Kenya na Tanzania tulirithi kwake siwa na Spika, jina la Simon de Montfort halikosi. Wanamwita baba wa Bunge. Hata Washington, ndani ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, sura yake imechongwa ukutani. Kwa maoni yangu, kapewa sifa kubwa kuliko stahili yake.

Alikuwa Mfaransa, aliyezaliwa karibu mwaka 1208. Mashamba ya Ufaransa yalikwenda kwa kaka yake, Amaury, basi mwaka 1230 yeye akavuka bahari hadi Uingereza kudai Leicester, mji na ardhi zake, urithi uliotoka kwa bibi yake. Januari 1238 akamwoa Eleanor, dada wa Mfalme Henry III, kimyakimya, katika kikanisa cha mfalme mwenyewe. Eleanor alikuwa mjane aliyekwisha kuapa kwamba haolewi tena. Kelele zilizozuka si haba. Mwaka uliofuata Simon akamtaja mfalme kuwa mdhamini wa deni lake bila kumwomba ruhusa. Henry akampasulia hadharani kwamba alimharibu dada yake kabla ya ndoa. Mke na mume wakashuka mto Thames kukimbilia Ufaransa.

Tangu hapo ugomvi wa mashemeji hawa haukupoa, na kiini chake kilikuwa fedha. Eleanor alikuwa na haki ya mjane katika ardhi za marehemu mumewe kule Ireland, akilipwa pauni 400 kwa mwaka, na yeye na Simon walishikilia kwamba kapunjwa. Mwaka 1259, Uingereza na Ufaransa zikitaka kufunga mkataba wa amani, Eleanor alitakiwa aachie madai yake ya ardhi za ukoo kule Ufaransa. Akakataa mpaka alipwe kwanza. Amani ya falme mbili ikangoja hesabu za nyumba moja! Na huyu Simon ndiye aliyekuwa mstari wa mbele mwaka 1258, makabaila walipomlazimisha mfalme kule Oxford atawale kwa ushauri wa baraza la watu 15.

Ujasiri sikatai. Mwandishi wa zama zile, Matthew Paris, anasimulia kwamba Henry, aliyekuwa akiogopa sana radi, alinaswa na dhoruba mtoni akakimbilia nchi kavu. Simon akaja kumlaki na kumtuliza kuwa mvua imepita. Mfalme akajibu kwamba anamwogopa yeye kuliko radi zote za duniani.

Jambo linalopitwa haraka mno na wanaomsifu ni Wayahudi. Karibu tu baada ya kuipata Leicester, aliwafukuza mjini. Uasi wa makabaila dhidi ya mfalme ulipopamba moto mwaka 1264, wafuasi wake waliwaua Wayahudi wa London, na sehemu ya mali iliyoporwa ikamfikia. Wakopeshaji walikuwa Wayahudi, na wenye madeni walikuwa wengi upande wa Simon.

Sasa hilo Bunge. Mei 1264 alimshinda mfalme vitani kule Lewes na kumteka pamoja na mwanawe, Edward. Januari 1265 akaitisha kikao Westminster: wapiganaji wa farasi wenye cheo (knights) wawili kutoka kila wilaya na, jambo jipya, wenyeji wawili kutoka miji kadhaa. Lakini tazama orodha ya makabaila: 23 tu. Wengine walikuwa wamekwisha kumpa mgongo. Aliwaita watu wa mijini kwa sababu wakubwa walikuwa wamempungukia, huku wanawe wakijichukulia ardhi mpaka Gilbert de Clare, mshirika wake mkuu, akamtoroka.

Mei 1265 Edward naye alitoroka kifungoni. Aliomba kujaribu farasi, akamchosha mmoja baada ya mwingine, kisha akampanda aliyebaki na nguvu akatokomea. Agosti 4 alimzingira Simon kule Evesham. Simon akauawa, na maiti yake ikakatwa mikono, miguu na kichwa. Watu wakaanza kuhiji kaburini na kusimulia miujiza, hadi mfalme akapiga marufuku kumwita mtakatifu.

Ukinibana nimtaje mtu aliyeufanya utaratibu ule uwe mazoea, nitamtaja Edward. Mwaka 1295, akiwa mfalme, aliwaita wawili wawili kutoka wilayani na mijini, kwa kuwa vita vilitaka kodi na kodi ilitaka watu wa kuikubali.