Hisia za mtoto na mkono wa mwalimu

Asubuhi moja ya mwezi Julai, katika shule ya msingi wilayani Makete, sakitu ikiwa haijayeyuka uwanjani, niliwakuta watoto kumi na wawili wamepiga magoti chini ya mlingoti. Walikuwa wamechelewa, na mwalimu wa zamu alikuwa anamalizia paredi kabla ya kuwarudia. Msichana mmoja, kwa kimo angekuwa wa darasa la nne, alikuwa amevua sweta lake na kumfunika mtoto mdogo aliyetetemeka pembeni yake. Wote walipata fimbo mbili mbili za mikononi, yeye na huyo mdogo pia, kisha wakaingia darasani. Mimi nilikuwa nimekwenda kuhudhuria semina ya walimu kuhusu ustawi wa kijamii na kihisia wa watoto, na ukurasa wa kwanza wa kitini tulichogawiwa ulieleza namna ya kumfundisha mtoto kumjali mwenzake.

Programu za aina hii hukusudia kumjengea mtoto uwezo wa kuzitambua hisia zake, kujizuia anapokasirika, kuelewana na wenzake na kuamua mambo kwa busara. Baadhi ni vipindi vya darasani, baadhi ni mafunzo kwa walimu au wazazi, na nyingine huchanganya yote. Watetezi wake husema ushahidi umekwisha kupatikana na kilichobaki ni fedha; wapinzani husema ni anasa ya nchi tajiri iliyoingia kwenye mkoba wa mfadhili. Kila upande una tafiti za kuonyesha, na kwa maoni yangu kila upande huzisoma nusu.

Tuanze na watetezi, kwa kuwa hoja yao ina uzito. Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake nchini Marekani walikusanya matokeo ya programu 213 za shuleni zilizowahusu wanafunzi zaidi ya 270,000, wakakuta kwamba walioshiriki waliimarika kitabia na kimahusiano, na hata matokeo yao ya masomo yalipanda kwa kiwango kinacholingana na mtoto wa katikati kuwapita wenzake 11 zaidi katika kundi la watoto 100. Mwaka 2017 uchambuzi mwingine wa programu 82 ulionyesha kwamba sehemu ya faida hizo iliendelea kuonekana miezi na hata miaka baada ya programu kumalizika. Mwaka 2023 zikachambuliwa kwa pamoja tafiti 424 kutoka nchi 53, na mwelekeo ukawa ule ule. Mtu akisema programu hizi hazina ushahidi wowote, basi hajasoma.

Lakini wastani huficha mengi. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilitoa matokeo ya jaribio kubwa la programu saba za kujenga tabia katika shule za msingi 84, shule zikiwa zimepangwa kwa bahati nasibu ili zinazopata programu zilinganishwe na zisizoipata, na kwa ujumla tofauti yenye maana haikuonekana. Nchini Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2022 liliwafundisha wanafunzi mazoezi ya kutuliza akili. Likiwa na shule zipatazo 85 na watoto zaidi ya 8,000, halikuonyesha kwamba mazoezi hayo yaliwafaa kuliko masomo ya kawaida, na wengi wao hawakuyafanya nyumbani. Nchini Australia, utafiti wa mwaka 2023 uliohusu vijana zaidi ya 1,000 ulikuta kwamba waliopewa mafunzo ya kumudu hisia walikuwa na hali mbaya kidogo mara baada ya mafunzo kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hilo la mwisho linapaswa kumtia tahadhari kila mwenye shauku ya kupeleka somo jipya darasani, kwa sababu yeyote aliyewahi kukaa na watoto anajua kwamba unaweza kumfukulia mtoto huzuni asubuhi, kengele ikalia, ukaondoka ukamwachia yeye mwenyewe.

Tofauti hizi zina chanzo, na sidhani kwamba chanzo hicho ni ubingwa wa watafiti wa upande mmoja na uzembe wa wale wengine. Katika majaribio ya Uingereza na Australia niliyoyataja, anayetakiwa kubadilika ni mtoto. Yeye ndiye avute pumzi taratibu, ajitazame moyoni, aipe hasira yake jina. Mazingira yanayomzunguka yanabaki yalivyo. Tafiti zilizo karibu nasi zimeelekea upande mwingine, na hapo ndipo ninapoona mambo yanayostahili kujadiliwa Mbeya, Njombe na Iringa.

Wilayani Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki jaribio la programu ya shirika la Raising Voices, ambayo hufanya kazi na walimu, uongozi wa shule na wanafunzi kwa pamoja ili kubadili utaratibu mzima wa nidhamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 18, asilimia 31 ya watoto katika shule zilizopata programu walisema wametendewa ukatili wa kimwili na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia, wakati katika shule nyingine ilikuwa karibu asilimia 49, na watoto walieleza kujisikia salama zaidi shuleni. Hapa kwetu Tanzania, Mabula Nkuba na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio lililofanyika katika shule nane za sekondari za serikali. Walimu walipewa mafunzo yasiyozidi siku sita kuhusu namna ya kuhusiana na wanafunzi na kudumisha nidhamu bila kipigo wala matusi. Miezi mitatu baadaye, walimu na wanafunzi, kila upande ukiulizwa peke yake, walieleza kwamba ukatili ulikuwa umepungua kuliko katika shule ambazo hazikupata mafunzo.

Mtetezi angeishia hapo na kupiga makofi. Mimi naomba tusome mpaka mwisho. Shule nane ni chache, miezi mitatu ni michache, na mwalimu aliyetoka kufundishwa ubaya wa fimbo anajua jibu linalotarajiwa. Kule Luwero, pamoja na mafanikio yote, karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa bado anapigwa. Na afya ya akili ya watoto pamoja na alama zao za mitihani havikuonyesha tofauti. Maana yake ni kwamba kuondoa kipigo hakumletei mtoto furaha wala akili za hesabu moja kwa moja. Pia zoezi lenyewe la kuwahoji watoto lilifichua mengi, hata watoto 434 wakapelekwa kwa wahusika wa ulinzi wa mtoto. Nani angewapokea katika kata ambayo afisa ustawi wa jamii anapatikana makao makuu ya halmashauri tu, na nauli ya kumfikia ni ya kuchanga?

Upo upinzani mwingine, na huu siupuuzi kwa sababu unatoka kwa watu wanaoijua nchi. Nyanda za Juu Kusini hulima mahindi, viazi, maharage na chai, lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni takribani asilimia 57 Iringa na takribani nusu katika mikoa ya Njombe na Rukwa, ilhali kitaifa ni asilimia 30. Maambukizi ya VVU kwa watu wazima, kwa utafiti wa mwaka 2022/23, yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, dhidi ya 4.4 kitaifa. Nyuma ya tarakimu hizo wako watoto wanaolelewa na bibi zao, na wasichana wanaomaliza darasa la saba wakapandishwa basi kwenda Dar es Salaam kuwa wadada wa kazi. Mwalimu mmoja wa Mufindi aliniuliza kwa upole, lakini akiwa amenikazia macho, kama kweli mtoto aliyetoka nyumbani bila uji anahitaji kufundishwa kuitambua huzuni yake. Anaitambua.

Hata hivyo hoja hiyo huthibitisha jambo dogo kuliko inavyodhani. Uji ni wa lazima, lakini mtoto aliyepewa uji kisha akatukanwa mbele ya wenzake hajawa mtoto mwenye ustawi. Na yatima anayeishi na bibi yake mzee huenda mwalimu akawa mtu mzima pekee mwenye nguvu anayemwona kila siku ya wiki. Kwa hiyo umaskini na maradhi ya mikoa hii, badala ya kuwa sababu ya kuahirisha suala la mahusiano shuleni, huliongezea haraka.

Ugumu mwingine ni wa kupima, nao huzungumzwa kidogo mno. Madodoso mengi yametungwa kwingine na kutafsiriwa. Ukimuuliza mzazi kijijini kama mtoto wake anajiamini, huenda ukamuudhi, kwa kuwa mtoto anayemtazama mkubwa usoni na kumjibu papo hapo huitwa jeuri. Kinyume chake, mtoto mkimya, anayeamkia na kujitenga, atasifiwa kwa adabu wakati pengine ana majonzi. Mradi wa ALiVE, ulioendeshwa Kenya, Uganda na Tanzania, ulijitahidi kutunga vipimo vyake humu humu Afrika Mashariki kuhusu kujitambua, ushirikiano, utatuzi wa matatizo na heshima, na huo ni mwelekeo sahihi. Mambo haya hayakuanza na semina. Katika miaka ya 1930 mwanaanthropolojia Monica Wilson aliwakuta vijana wa Kinyakyusa, Rungwe, wakihama kwa baba zao wakiwa na umri wa miaka kama kumi kwenda kuishi kijiji chao na rika lao, na aliandika kirefu kuhusu ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuongea na wenzako. Sisemi turudi huko, maana rika nalo lilikuwa na ukali wake; nasema jamii hizi zina maneno ya kujaza dodoso kabla hatujaazima.

Inabaki fimbo yenyewe. Kanuni za mwaka 2002 huruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Mwaka 2016 video ya walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya ilishtua nchi nzima; mwaka 2019, mkoa huo huo, mkuu wa mkoa mwenyewe aliwachapa wanafunzi 14 wilayani Chunya, na wengi walimshangilia. Mwalimu mwenye watoto tisini darasani hulelewa na mazingira hayo. Ukimnyang'anya fimbo bila kumpa kitu mkononi, atatumia ulimi, na majeraha ya ulimi hayaonekani kwenye takwimu.

Kwa sababu hiyo, kama halmashauri ingeniuliza iweke wapi fedha chache ilizonazo, ningesema iziweke kwanza kwa mwalimu, katika mafunzo ya siku chache yanayorudiwa kila muhula na mtu anayekwenda darasani kuona, kabla ya kununua kitini kingine cha kumfundisha mtoto hisia. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 tayari ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Haihitaji kipindi cha nyongeza. Ningeomba pia matokeo yapimwe na watu wasiolipwa na mradi, mwaka mzima baada ya mradi kufunga virago.

Kianzio cha kupima kipo tayari kisheria. Siku ile Makete, baada ya chai ya saa nne, niliomba kuliona daftari la adhabu. Mwalimu mkuu, mtu mkarimu, alilitafuta kabatini kwa dakika kadhaa, akalipata chini ya vitini vya semina za nyuma, akapangusa vumbi kwa kiganja na kunikabidhi. Lilikuwa na jina la shule kwenye jalada na mistari iliyopigwa kwa rula ukurasa wa kwanza: jina, kosa, idadi ya viboko, sahihi. Kurasa zilizofuata zote zilikuwa safi.