Wezi wa Logan Lucky Hawakuwa Wajinga

Steven Soderbergh, aliyekuwa ameiaga sinema mwaka 2013, alirudi mwaka 2017 na Logan Lucky, filamu ya wizi yenye mzaha mwingi. Kwa kuwa ndiye aliyeongoza filamu nyingine ya wizi, Ocean's Eleven, mwaka 2001, ilikuwa rahisi kudhani kwamba angerudia kazi ileile, safari hii akiwatumia maskini wa West Virginia badala ya watanashati wa Las Vegas. Filamu yenyewe ililiona shtaka hilo mapema: mtangazaji mmoja wa habari ndani yake anawapachika wezi hao jina linalochanganya Ocean's Eleven na maduka ya 7-Eleven.

Wanaoikosoa wana hoja ya kusikilizwa. Lafudhi za waigizaji zimetiwa chumvi, na ndugu wawili wa mvunja makasha Joe Bang wamechorwa kama mazuzu wa kuchekwa. Isitoshe, Bang, ambaye ni mfungwa, anatolewa gerezani, anashiriki wizi kwenye uwanja wa mbio za magari wa Charlotte, kisha anarudi siku hiyohiyo bila wakubwa kugundua. Mtazamaji anayedai uhalisia atasema kwamba bahati imefanya kazi ya mwandishi.

Shaka hiyo inapungua tukitazama jinsi mpango ulivyojengwa. Kutoweka kwa Bang hakugunduliki kwa sababu mkuu wa gereza ni mtu asiyekubali kamwe kwamba katika himaya yake kuna hitilafu, hata wafungwa wanapofanya ghasia mbele ya macho yake. Wezi wanakitegemea kiburi hicho kama wanavyoyategemea mabomba ya hewa yanayosafirisha fedha chini ya uwanja, ambayo kiongozi wao Jimmy Logan (Channing Tatum) aliyaona alipokuwa akifanya kazi ya ujenzi hapo. Kuna pia baruti inayotengenezwa kwa jiki, chumvi mbadala na peremende laini za umbo la dubu. Wenzake wanapomshangaa, Bang, aliyeigizwa na Daniel Craig kwa raha ya wazi, anasimama na kuwaandikia ukutani mlinganyo wa kikemia. Katika tukio hilo kichekesho kinamrudia yule aliyekuwa tayari kumcheka, kwani mtu aliyedhaniwa mshamba ndiye mwalimu pekee katika chumba kizima.

Uzito wa filamu, nionavyo, umo kwenye bima. Jimmy anaachishwa kazi kwa sababu ya mguu wake mbovu, ambao mwajiri anauona kuwa hatari kwa bima ya kampuni. Mdogo wake Clyde (Adam Driver) amerudi kutoka vita vya Irak akiwa amepoteza sehemu ya mkono. Hata hivyo, uwanja unapoibiwa, bima inawalipa wenye mali na hamu yao ya kuendelea na uchunguzi inaisha. Mfumo uliomwona kibarua kuwa hasara ndio unaowafuta machozi matajiri, na jambo hilo limesemwa bila hotuba hata moja, huku watu wakicheka.

Wasioipenda filamu hii huleta pia mapato yake: wikendi ya kwanza nchini Marekani iliingiza takriban dola milioni 7.6 katika kumbi zaidi ya 3,000. Ukiigawa hesabu hiyo, kila ukumbi ulipata wastani wa dola 2,500 au karibu na hapo kwa siku tatu, na hakuna namna ya kuupamba wastani huo. Lakini kuusoma kama hukumu ya ubora ni kosa, na hata kama hukumu ya biashara unasema nusu tu. Gharama ya utengenezaji, takriban dola milioni 29, ilipatikana kwa kuuza mapema haki za usambazaji wa nje ya Marekani, na matangazo yakalipiwa kwa kuuza haki za maonyesho ya baada ya kumbi. Soderbergh alikuwa akijaribu kuzikwepa studio kubwa na kubaki na mamlaka juu ya kazi yake. Kilichokwama hapo ni jaribio la usambazaji, na anayetaka kulipima alipime kwa kipimo chake.

Kasoro ninayoikubali bila kusita ni sehemu ya mwisho, ambapo mpelelezi wa FBI (Hilary Swank) anaingia wakati kasi imekwisha, na mahojiano yake yanaeleza mengi tuliyokwisha kuyaona. Hata hivyo, sehemu hiyo isingefaa kufutwa yote, kwa kuwa ndiyo inayofichua kwamba Jimmy, tuliyedhani ameingiwa na woga na kuzirudisha fedha, alikuwa amepanga tangu awali ni mifuko ipi ipatikane na ipi isipatikane. Ingekatwa dakika kumi, ingetosha.