Mama wa Cherehani

Kumficha mtu wa kisa cha kweli kwenye igizo shirikishi, lile ambalo mtazamaji anaruhusiwa kuingia kuigiza, kuna kanuni yake: badili vitu vitatu. Jinsia, kiasi cha fedha, na kile alichonunua kwa hizo fedha. Ukibadili kimoja tu, majirani zake watamtambua kabla mwigizaji hajamaliza salamu.

Kisa chetu kilitoka kijiji kimoja cha mkoa wa Pwani. Mweka hazina wa kamati ya maji alikopa kimyakimya michango ya pampu, akaezekea nyumba. Wanakijiji walitusimulia wenyewe na kutia saini tukitumie, kwa sharti kwamba mhusika asijulikane. Basi mwanamume tukamgeuza mwanamke. Bati zikawa cherehani. Kiasi kikawa shilingi 480,000. Hata mke wake asingejua anayesemwa ni nani.

Igizo lenyewe ni la dakika 15 na linaishia pabaya kwa makusudi. Kisha linarudiwa tangu mwanzo. Safari hii mtazamaji akiona mnyonge anaonewa anasema "Simama!", waigizaji wanaganda, naye anaingia kuchukua nafasi ya yule mnyonge. Nafasi ya mwonevu haigawiwi, kwa sababu anayeingia hapo atamfanya atubu papo hapo na wote mtarudi nyumbani mapema. Mwezeshaji, siku hiyo mimi na filimbi yangu shingoni, anawauliza watu kila mara: "Hili linawezekana hapa kwetu?" Wakikataa, huo ni muujiza, na miujiza hairuhusiwi.

Ufundi huu aliuasisi Augusto Boal, Mbrazili. Alipokuwa Peru mwaka 1973 waigizaji wake walikuwa wakisikiliza ushauri wa watazamaji, kisha wanauigiza wao. Mama mmoja akawashauri namna ya kumshughulikia mume mwongo. Wakaigiza, akasema siyo hivyo. Wakarudia, akasema bado. Alipoambiwa basi apande aonyeshe mwenyewe, alipanda akamtwanga mwigizaji kwa ufagio. Tangu hapo watazamaji wanaruhusiwa kuingia, na waigizaji wenye akili wanahesabu fagio kabla ya kuanza.

Kijiji cha pili, tulikopeleka igizo, kilikuwa mbali na kile cha kwanza. Kawaida, siku moja kabla ya onyesho, igizo linaonyeshwa faragha kwa watu sita hadi wanane wa hapohapo. Nusu yao wawe wanawake, wasiwe viongozi watupu, kamera isiwepo. Swali ni moja: kuna mtu hapa ataonekana anasemwa? Siku hiyo ya kuuliza ilitukuta kwenye tope, gari limezama hadi ekseli. Tulipofika, ilikuwa asubuhi ya onyesho na watu wameshakaa. Nani angewaambia watu walioacha shamba waje siku nyingine?

Tulitandika kamba ya duara, upana mita sita, pembeni ya pampu ya mkono ya kijiji, nayo ilikuwa mbovu kwelikweli. Jukwaa hapakuwa na jukwaa. Waigizaji walikaa katikati ya watu, na watu ndio wakawa mkutano wa kijiji. Vifaa vilikuwa meza, daftari, kidau cha wino na muhuri tuliouchonga kwa soli ya kiatu. Kandambili haifai kwa muhuri, herufi zinamung'unyika. Soli ngumu inashika wembe vizuri. Ulisomeka SERIKALI YA KIJIJI CHA NJOO KESHO.

Dakika ya nne binti aliyecheza mweka hazina akatamka neno "cherehani". Hakuna aliyemtazama yeye. Vichwa vyote viligeukia mwembeni, alikokaa mama mmoja wa makamo aliyevaa gauni jipya lenye mishono ya kujisifia. Watoto wakaanza kucheka. Mzee aliyekuwa jirani yangu akaninong'oneza, "Hapo mmemweza."

Mweka hazina wa kijiji hiki cha pili alikuwa mwanamke. Alikuwa amenunua cherehani. Tulimficha mtu wa kule vizuri mno hadi tukamfichua wa huku, ambaye hatukuwa tumewahi kumsikia. Fomu ya ridhaa tuliyoibeba ilisainiwa na watu wa kule; wa huku hakuna aliyeulizwa kitu.

Mzunguko wa pili sikumaliza hata kueleza kanuni.

"Simama!"

Mama akaruka kamba, akamfikia binti yetu. "Pisha, mwanangu. Hata kuiba kwenyewe hujui."

"Shikamoo mama," nikasema. "Kwa kanuni zetu, anayechukuliwa nafasi ni yule mnyonge."

"Marahaba. Na hapa mnyonge ni nani, baba?"

Nikawageukia watu kutafuta msaada: hili linawezekana? Wakajibu kwa sauti moja kwamba linawezekana sana.

Akamtuma mtoto nyumbani, akaletewa daftari la kweli, la jalada gumu, stakabadhi zimebanwa kwa pini. Akasoma michango kaya kwa kaya, hata wasiolipa, kwa majina kamili. Hapo kicheko kikapungua. Akasoma grisi, nauli ya bodaboda, raba za pistoni. Cherehani ilitokana na upatu, na wachezaji wenzake wakasimama mmoja mmoja kushuhudia. Mwigizaji wetu wa mwenyekiti alikuwa bado amevaa kofia yake, na kwa kuwa watu walizidi kumwita "mwenyekiti," ikambidi aongoze kikao. Aliongoza vizuri. Bibi mmoja akauliza kama tunaweza kumwacha, na mwenyekiti halisi, aliyekuwa mstari wa mbele, hakuliona hilo kuwa utani.

Hesabu zikapita kwa kunyoosha mikono. Mama akaona muhuri mezani, akauchovya kwenye wino, akaugonga chini ya ukurasa. Pwaa. Njoo Kesho.

Nilipuliza filimbi, kwa faida ya nani sijui.

Mjadala baadaye ulikuwa mgumu kuliko igizo. Tukasema kisa ni cha kwingine, bila kutaja wapi. Mama akatoa masharti: picha za video zifutwe mbele ya macho yake, zikafutwa, cherehani itoke kwenye igizo, ikatoka. "Mwekeeni pikipiki," akasema, akimtupia jicho mtu ambaye ghafla alikumbuka mbuzi wake. Tukamwambia pikipiki nayo itabidi tuiulizie kwanza.

Mchana akafika mtendaji wa kijiji kwa bodaboda. Alifungua daftari, akasoma ukurasa mara mbili.

"Njoo Kesho ni kijiji cha kata gani?"

Akautaka muhuri kama kielelezo. Mezani palibaki kipande cha ubao chenye gundi. Soli ilikuwa kwa fundi wa pampu, aliyekaa nyuma muda wote akiitazama jinsi ilivyo ngumu na nene inavyotakiwa. Tulipokuwa tunabishana kuhusu video, aliikata duara, akaitoboa katikati, ikawa washa ya kuziba pale kichwa cha pampu kinapokalia bomba. Maji yalikuwa yanatoka.

Mtendaji akaamuru pampu ifunguliwe. Foleni ya ndoo ilikuwa imeshafika mwembeni, na kina mama wakamjibu kwa heshima zote kwamba aje kesho.